Jiko la Gesi Lililotumika: Badilisha Vichomeo na Lipime Kabla ya Kuuza

Katika masoko ya Wote, Emali na Kibwezi, na ng'ambo ya Mto Athi huko Mutomo na mjini Kitui, si ajabu kukuta jiko kuukuu la gesi likisubiri mnunuzi mbele ya duka au karakana. Muuzaji anawasha kiberiti, moto unatokea, bei inakubaliwa na jiko linapakiwa kwenye bodaboda. Hata hivyo, jiko linalowaka si lazima liwe jiko zima. Hitilafu nyingi hatari hazionekani katika dakika moja ya majaribio sokoni. Hujitokeza nyumbani, jikoni, watoto wakiwa karibu.

Makala haya yanaeleza jinsi mwenye jiko au fundi wa jua kali anavyoweza kulifufua jiko la zamani, kubadilisha vichomeo vyake na kuliuza akiwa na uhakika kwamba hauzi ajali.

Kwa nini kichomeo ni muhimu

Kichomeo ni kile kichwa chenye matundu ambapo moto hutokea. Gesi hupita kwanza kwenye nozeli, kitundu chembamba cha shaba, kisha huingia kwenye koo la kichomeo na kuchanganyika na hewa. Mchanganyiko ukiwa sawa, moto huwa wa buluu na mtulivu. Hewa ikipungua, moto huwa wa manjano, sufuria hupakwa masizi na jiko hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi.

Hatari hiyo huongezeka kwa vyakula vinavyokaa motoni muda mrefu. Sufuria ya muthokoi inaweza kuchemka kwa saa kadhaa. Katika jiko lenye vichomeo vibovu na chumba kisicho na madirisha ya kutosha, muda huo unatosha kumletea mpishi maumivu ya kichwa, kizunguzungu, hata kupoteza fahamu.

Katika maeneo yetu makavu, chanzo cha tatizo mara nyingi ni vumbi. Jiko lililokaa stoo kwa mwaka mzima huingiwa pia na buibui, ambao hutanda utando ndani ya koo la kichomeo na kuzuia hewa.

Kufungua na kusafisha

Kazi yote ifanyike nje au mahali penye hewa ya kutosha. Funga mtungi, uondoe na uuweke mbali. Piga picha za jiko kwa simu kabla ya kufungua chochote, na uweke alama kwenye kila kichomeo ili kirudi mahali pake.

Osha vichomeo kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kisha ondoa kutu kwa brashi ya waya. Matundu yaliyoziba yazibuliwe kwa kijiti chembamba cha mbao, na koo lipitishwe brashi ndefu ya chupa. Pale ambapo maji ya kisima yana chumvi, suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua, kwa kuwa chumvi huharakisha kutu. Anika vichomeo juani hadi vikauke kabisa.

Nozeli isitobolewe kwa sindano, msumari wala keekee. Kitundu kikipanuka hata kidogo, gesi hupita kwa wingi kuliko jiko lilivyoundwa kuhimili, na moto huwa mrefu na wa manjano. Nozeli iliyoziba iloweshwe kwenye maji ya sabuni na kupulizwa. Isipozibuka, inunuliwe nyingine ya kipimo kilekile. Mara nyingi namba iliyochongwa ubavuni huonyesha upana wa kitundu kwa sehemu za mia za milimita: namba 75 ni milimita 0.75.

Majiko ya zamani sana yenye oveni yanahitaji tahadhari zaidi. Baadhi yalifungwa kamba au mkeka wa asbesto kwenye mlango au kuta za oveni. Vumbi lake hudhuru mapafu. Ukikuta nyuzi za kijivu zinazochanika, usizikwangue wala kuzipiga msasa.

Kuchagua kichomeo kipya

Kichomeo kibadilishwe kikiwa na ufa, kikiwa kimepinda, au kutu ikiwa imeunganisha matundu mawili kuwa moja. Kuziba ufa kwa kulehemu hakufai, kwa sababu kiraka hubadilisha njia ya gesi na kinaweza kuachia kikipata moto.

Nenda dukani ukiwa na kichomeo cha zamani mkononi na ulinganishe mambo manne: urefu, upana wa mdomo unaopokea nozeli, umbo la miguu inayokishikilia, na ukubwa wa kichwa. Kichomeo kinachoyumba au kinacholazimishwa kwa waya si chake, hata kama bei ni nzuri. Kikishafungwa, hakikisha ncha ya nozeli imeingia sawasawa katikati ya mdomo wa kichomeo.

Majiko yaliyoagizwa yakiwa yametumika ng'ambo yachunguzwe kwa makini zaidi. Katika nchi kama Uingereza, nyumba nyingi hutumia gesi asilia inayoletwa kwa mabomba, na majiko yake huwa na nozeli pana. Gesi ya mtungi inayotumika Kenya ni mchanganyiko wa propani na butani, na ina nguvu kubwa zaidi kwa ujazo uleule. Jiko la gesi asilia likiunganishwa na mtungi bila kubadilishwa nozeli hutoa moto mkubwa kupita kiasi. Kazi hiyo ifanywe na fundi aliyefunzwa mifumo ya gesi.

Mpira, regyuleta na vali

Jua na joto la jikoni hukausha mpira wa gesi. Ukunje kwa vidole: ukionyesha nyufa, ukiwa mgumu au ukinata, utupwe. Mpira wa maji wa bustani usitumike kamwe badala yake. Regyuleta, kile kifaa kinachofungwa juu ya mtungi, ilingane na vali ya mtungi na mahitaji ya jiko, na mpira ubanwe kwa klipu za chuma pande zote mbili, si kwa waya wala kamba ya mpira. Vali za jiko zinapokuwa ngumu kuzunguka, zipelekwe kwa fundi wa gesi. Zisipakwe mafuta ya kupikia wala grisi ya gari.

Majaribio mawili kabla ya kuuza

Jaribio la kwanza ni la uvujaji. Funga swichi zote za jiko, fungua mtungi, kisha paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo na urefu wote wa mpira. Povu likifura, gesi inavuja. Usitafute uvujaji kwa kiberiti. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama sakafuni na kwenye mashimo, ikisubiri cheche moja.

Jaribio la pili ni la moto. Washa kila kichomeo nje, mahali pasipo na upepo, kwa angalau dakika 10. Moto uwe wa buluu, usiruke juu ya kichwa cha kichomeo, na usizimike swichi inaporudishwa chini. Weka sufuria safi juu yake. Ikitoka na masizi, jiko halijawa tayari.

Muuzaji na mnunuzi

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, maelezo ya kutosha, na ulinzi wa afya na usalama wake. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kumweleza mnunuzi kwamba bidhaa ni mpya ilhali imetumika au imefufuliwa. Kwa hiyo muuzaji atoe risiti inayotaja vipuri vilivyobadilishwa, tarehe ya majaribio, na kasoro yoyote iliyobaki. Mnunuzi naye aombe jiko lijaribiwe mbele yake kwa njia zote mbili.

Uwazi huo una faida kwa fundi pia. Tuseme jiko limenunuliwa kwa Sh3,000, na vichomeo, mpira na regyuleta vikagharimu Sh2,500. Fundi anayeweza kuonyesha vipuri vya zamani na risiti za vipya ana sababu ya kudai bei inayorudisha gharama na kulipa kazi yake. Anayepaka rangi tu juu ya kutu hana.

Mtungi nao usisahaulike. Kanuni za gesi ya kupikia za mwaka 2019 zinakataza kujaza mtungi wa kampuni nyingine bila idhini yake ya maandishi. Jiko likiuzwa pamoja na mtungi, mnunuzi aambiwe ni wa kampuni gani, na aujaze kwa wakala halali pekee.

Ukinusa gesi nyumbani

Gesi huongezwa harufu kali makusudi ili ivujapo ijulikane. Ukiinusa, zima moto wote, funga mtungi ikiwa unaweza kuufikia kwa usalama, fungua milango na madirisha, na utoe watu nje. Usiwashe wala kuzima taa ya umeme, na usipige simu ukiwa ndani. Ukishafika nje, piga 999 au 112. Huduma za zimamoto ni jukumu la serikali za kaunti, na wakazi wanahimizwa kuuliza mapema, katika ofisi ya msimamizi wa wadi, nambari ya kituo kilicho karibu nao, kisha kuiandika ukutani karibu na mlango wa jikoni.