Je, Wajua? Shukrani Juu ya Mawe ya Volkano

Je, wajua kwamba Lac Vert ni ziwa na pia ni mtaa? Ziwa ni dogo, lenye maji ya kijani, limetulia ndani ya shimo la volkano ya kale magharibi mwa mji wa Goma, karibu na ufuko wa Ziwa Kivu. Mtaa umechukua jina la ziwa. Nyumba nyingi huko ni za mbao, na chini yake ni mawe meusi ambayo zamani yalikuwa moto.

Je, wajua kwamba katika eneo hili kuamka salama ni habari njema? Ardhi ya kati ya Goma na Sake hutoa hewa ya ukaa ambayo wenyeji huiita mazuku. Haina rangi, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, na usiku usio na upepo hujikusanya mashimoni na mabondeni. Huua mbuzi, mbwa, hata watu. Jua likipanda na upepo ukivuma, hutawanyika. Mkristo wa huku anaposema alfajiri, “Mungu, aksanti kwa pumzi,” anajua anachokisema.

Je, wajua kwamba habari ya wale wenye ukoma kumi ni habari ya umbali? Soma Luka 17:11–19. Mwanzoni wote kumi wanapaza sauti wakiwa mbali, maana sheria haikuwaruhusu kusogea. Mwishoni mmoja wao, tena Msamaria, yuko chini miguuni pa Yesu. Tisa walipona wakaenda zao. Fadhila ya punda ni mateke. Wote kumi walitakaswa, ila aliyefika karibu ni yule aliyerudi kushukuru.

Je, wajua kwamba Goma ilipoteza kanisa lake kuu kwa lava? Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ililipuka, lava ikaingia hadi katikati ya mji na kuliharibu Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Jioni ya 22 Mei 2021 ikalipuka tena, na siku hiyo ilikuwa Jumamosi, mkesha wa Pentekoste. Safari hii lava ilisimama karibu na uwanja wa ndege, lakini zaidi ya watu 30 walipoteza maisha. Muumini wa Goma aliamkia sikukuu akiwa na mambo mawili ya kumwambia Mungu: asante kwa mji uliosalia, na kilio kwa waliokwenda.

Je, wajua kwamba Biblia haimlazimishi aliyefiwa kutabasamu? Zaburi ya 13 inaanza kwa malalamiko na aya chache baadaye inaimba. Zaburi ya 88 haifiki kwenye wimbo. Inamalizikia gizani, na bado imo ndani ya kitabu cha sala. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za Lac Vert na Mugunga za waliokimbia vita, yakaua watu wengi, watoto wakiwemo. Aliyezika mtoto siku zile asidaiwe “asante” na mhubiri yeyote. Kumlilia Mungu usoni nako ni kumsogelea, na shukrani ya kulazimishwa haimsogezi mtu popote.

Je, wajua kwamba sambaza, kitoweo kinachopendwa Goma, ni mgeni katika Ziwa Kivu? Samaki hawa wadogo waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Jioni wavuvi hutoka na mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa nguzo ndefu, wanapiga kasia huku wakiimba, kisha huwasha taa ili samaki waufuate mwanga. Katika Yohana 6 nako kuna samaki wadogo: wawili tu, na mikate mitano ya shayiri. Yesu alishukuru wakati bado ni wawili. Hakungoja vikapu 12 vijae ndipo aseme asante.

Je, wajua kwamba Mtume Paulo alishukuru ndani ya chombo kilichokuwa kinakwenda kuvunjika? Ni katika Matendo 27. Dhoruba imepiga siku 14, mizigo imetupwa baharini, watu 276 wamo ndani na matumbo matupu. Paulo anatwaa mkate, anamshukuru Mungu mbele ya wote, anaumega na kula. Merikebu ilivunjika kweli, ila hakuna hata mmoja aliyezama. Abiria wengine, waliokuwa wamekata tamaa, walipata moyo wa kula kwa kumwona mtu anayeshukuru.

Je, wajua kwamba Wakatoliki wa Kongo wana utaratibu wao wa Misa? Roma iliuidhinisha mwaka 1988. Watu huingia kwa ngoma, na Utukufu huimbwa kwa kucheza kuizunguka altare. Toba, ambayo kwingine huwa mwanzoni, huku huja baada ya mahubiri. Muumini kwanza anafurahi nyumbani kwa Baba, halafu anaungama.

Je, wajua kwamba Ignasi wa Loyola alipanga vivyo hivyo? Katika *Mazoezi ya Kiroho*, kitabu kilichochapwa Roma mwaka 1548, kuichunguza dhamiri kuna hatua tano, na ya kwanza ni kushukuru kwa mema yaliyopokewa. Makosa huhesabiwa baadaye. Anayejua amepewa nini huona vizuri zaidi amekosea wapi.

Je, wajua kwamba wataalamu wa saikolojia nao wameligusa jambo hili? Mwaka 2003 Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha utafiti Marekani. Watu walioandika kila wiki, kwa wiki 10, mambo hadi matano ya kushukuria walisema wameridhika na maisha kuliko walioandika kero zao. Dodoso lilipima hali ya moyo. Ukaribu na Mungu hauna dodoso.

Je, wajua kwamba wimbo mmoja wa shukrani ulivuka mipaka ya Afrika Mashariki bila pasipoti? Ni *Tukutendereza Yesu*, wimbo wa Uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukasambaa Uganda, Kenya na Tanzania. Ndugu akisimama kutoa ushuhuda wa kutubu, wenzake humwitikia kwa huo.

Je, wajua kwamba jogoo mmoja anaweza kutolewa sadaka mara tatu? Katika sharika nyingi za Kilutheri Tanzania, Jumapili ya mavuno huisha kwa mnada nje ya kanisa: mkungu wa ndizi, debe la mahindi, jogoo aliyefungwa miguu. Mtu humnunua jogoo kwa bei ambayo sokoni ingechekesha, kisha anamrudisha apigwe mnada upya.

Je, wajua kwamba mwana wa Goma ametangazwa mwenye heri? Floribert Bwana Chui, wa Jumuiya ya Sant’Egidio, alikuwa rafiki wa watoto wa mitaani. Kazini, katika ofisi ya kukagua bidhaa zinazovuka mpaka, alikataa rushwa ya kupitisha chakula kilichoharibika. Julai 2007 alitekwa nyara akauawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenye heri huko Roma. Anayemshukuru Mungu kwa chakula chake hawezi kumpelekea jirani chakula kibovu.

Je, wajua kwamba shukrani ya Agano la Kale ilikuwa na saa ya mwisho? Mambo ya Walawi 7:15 inaagiza nyama ya sadaka ya shukrani iliwe siku ileile, isibaki hadi asubuhi. Ng’ombe mzima familia moja haimmalizi kabla ya alfajiri, kwa hiyo sharti uite watu. Familia nyingi za Goma, zilizopokea waliokimbia vita wakati zenyewe hazina kitu, zinaielewa sheria hiyo bila kufundishwa. Basi leo jioni sambaza wakiiva, shukuru, kisha mwite jirani kabla bugali haujapoa.