Neno "Mkondo" na Mwendo wa Chaji katika Waya

Mkulima wa mpunga wa Ubaruku, katika bonde la Usangu, afunguapo mlango wa mfereji hujua ya kuwa yampasa kungoja. Maji hushuka taratibu, hunywewa na udongo mkavu, na pengine jua huchwa kabla hayajalifikia jaruba la mwisho. Mzee mmoja wa huko, tuliposimama naye penye mashine ya kukobolea mpunga, aliniuliza: "Mwalimu, mwasema umeme una mkondo kama maji. Mbona huu haungojwi?" Swali hili ni la fizikia, lakini ni la lugha pia.

Neno umeme asili yake ni mmweko uonekanao mawinguni wakati wa mvua, na kwa hiyo lina wepesi ndani yake. Mkondo nao ni wa mto. Maneno haya mawili yakikutana, msikiaji hudhani kwamba chaji hutoka Kidatu mbio kama radi hadi Ubaruku. Sivyo hata kidogo.

Waya wa shaba haufanani na mfereji mkavu. Kila atomu ya shaba huachilia elektroni moja hivi, ambayo huwa huru kuzunguka. Basi waya umejaa chaji tangu kiwandani, kabla haujaunganishwa na kitu. Elektroni hizo hurukaruka kila upande kwa kasi kubwa, lakini kwa kuwa ziendazo huku ni sawa na ziendazo kule, mkondo haupo. Swichi iwashwapo, msukumo huenea kandokando ya waya kwa kasi ikaribiayo ile ya nuru, nazo elektroni zote husogea karibu kwa wakati mmoja. Mfano wake ni bomba lililojaa maji: ukifungua, yatokayo ni yale yaliyokuwa mdomoni.

Na kusogea kwenyewe ni kwa kujikokota. Katika waya wa shaba wenye unene wa milimita 1 ya mraba, upitao mkondo wa ampea 1 usiogeuka, elektroni huenda wastani wa milimita 0.07 kwa sekunde, yaani kama sentimita 26 kwa saa. Kobe angezipita. Tena umeme wa majumbani mwetu hugeuka huku na huko mara 50 kila sekunde, hata elektroni ya waya kama huo hutikisika mahali pake kwa masafa yasiyofikia elfu moja ya milimita. Katika kutikisika huko hugongana na atomu zitetemazo, na ndiyo sababu waya hupata joto.

Jambo moja zaidi hutatiza wanafunzi. Benjamin Franklin alichagua upande wa kuita chanya katika karne ya 18, kabla J. J. Thomson hajaigundua elektroni mwaka 1897. Hivyo mshale wa mkondo vitabuni huelekea kinyume cha elektroni zenyewe.

Kisafiricho kweli ni maji. Yale ya mto Mbarali yanayobaki baada ya mashamba huingia Ruaha Mkuu, huzungusha mitambo ya Mtera, kisha ya Kidatu, na nguvu yake hurudi kwa nyaya hadi mashine ya mpunga, bila elektroni hata moja kufunga safari.

Sioni haja ya kulitupa neno mkondo. Lakini mwalimu alitumiapo na ataje bomba lililojaa, asitaje mfereji, hasa Ubaruku.