Utangulizi: Kusoma Sura za Sayari

Ukiwa Sokon I, jijini Arusha, Mlima Meru ni kilele kimoja kilichochongoka, mita 4,566. Utazame katika picha ya setilaiti: ubavu wa mashariki haupo. Ulimeguka zamani, vifusi vikamwagika hadi Momella na kuacha vilima na maziwa. Fani ninayokukaribisha uijue, ya kusoma sura za sayari, hufanya hivyohivyo kwa sayari za mbali. Hutazama umbo kutoka juu na kuuliza lilitokeaje.

Vyombo vinavyotuletea picha hizo havina mtu ndani, na havirudi. Mariner 4 ya Marekani ilipopita karibu na Mirihi mwezi Julai 1965, iligeuza mwanga kuwa namba, kuanzia 0 hadi 63: mistari 200, kila mmoja pikseli 200. Redio yake ilituma biti 8 na ushei tu kwa sekunde, hivyo picha moja ilichukua takriban saa 8 kufika. Wahandisi kule California hawakuwa na subira ya kungoja kompyuta. Walibandika karatasi za namba ukutani, wakazipaka rangi kwa mkono. Laiti kila mwanafunzi angeanza hivyo, kabla ya kugusa programu yoyote!

Kusafisha picha nako kuna bahati zake. Machi 1979, Linda Morabito, aliyekuwa katika kikosi cha kuelekeza safari ya Voyager 1, aliongeza mwangaza wa picha ya Io, mwezi wa Mshtarii, akitafuta nyota hafifu. Ukingoni akaona wingu kubwa. Lilitoka katika volkano hai, ya kwanza kugunduliwa nje ya Dunia. (Rangi, kwa kawaida, huunganishwa baadaye kutokana na picha za kijivu zilizopigwa kupitia vichujio; wapo wanaozikoleza kupita kiasi, nami siwaungi mkono.)

Kwenye Zuhura, rada ya chombo cha Magellan ilipenya mawingu na kuonyesha mifereji mirefu ajabu, mmoja wa kilomita 6,800 hivi. Baadhi ya wanasayansi wakapendekeza kwamba ilichongwa na lava nyepesi ya kaboneti, jamaa ya ile ya mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai, kaskazini-magharibi mwa Arusha. Hoja hiyo bado inajadiliwa, na anayeujua Lengai ana haki ya kuchangia.

Picha ghafi za safari nyingi ziko wazi kwa umma, bila malipo. JunoCam, kamera ya chombo cha Juno kilichofika Mshtarii mwaka 2016, iliwekwa makusudi ili wananchi washiriki kuzichakata. Pakua moja, uanze nayo.