Siku Tano Nyuma ya Mwenye Kazi

Mwishoni mwa Agosti 2019, msichana wa miaka 9 alivuka kutoka Kongo kuingia Uganda kwa njia ya Mpondwe. Wahudumu wa afya waliokuwa wakipima wasafiri pale mpakani walimwona ana dalili, wakamtenga, akapelekwa Hospitali ya Bwera. Vipimo vilithibitisha kuwa ni Ebola. Mtoto huyo alifariki, lakini ugonjwa haukuenea upande wa Uganda.

Juni ya mwaka huohuo, mtoto mwingine wa miaka 5 alikuwa amefikishwa Hospitali ya Kagando. Watumishi wa Kagando ndio waliotilia shaka homa ile, akahamishiwa kitengo maalumu cha Bwera, na tarehe 11 Juni majibu yakatoka. Wakati huo Uganda ilikwisha kuwachanja wahudumu wa afya karibu 4,700 katika vituo 165. Chanjo ilikuwepo, mafunzo yalikuwepo, miongozo ilibandikwa ukutani. Hata hivyo, Agosti ile, katika foleni ya mpakani yenye mama wenye mizigo kichwani, watoto mgongoni na vijana wanaosukuma baiskeli, kuna mtu aliyetazama uso mmoja akasema: huyu asubiri kwanza.

Mhadhiri wa afya ya jamii aliyeko Fort Portal au Mbarara anaweza kuzitaja dalili za Ebola bila kufungua kitabu. Asichoweza kukifundisha, kama hajawahi kusimama Mpondwe, ni ule uamuzi. Kwa sababu hiyo napigania mpango ambao vyuo vyetu vikuu bado havijaupa uzito unaostahili: kumtoa mtumishi wa chuo ofisini kwa siku tano ili amfuate mtu mwingine akiwa kazini.

Mpango wenyewe hauna makuu. Mhadhiri, msajili, mkutubi au fundi wa maabara anakaa pembeni mwa mwenye kazi kuanzia anapofungua mlango hadi anapoufunga. Hafanyi kazi ile wala haikagui, na mihadhara yake anaiacha nyumbani. Anatazama na kuandika, na jioni anauliza. Hapo ndipo panapoutofautisha mpango huu na mafunzo ya vitendo ya wanafunzi, ambao hupewa majukumu na alama. Umoja wa Ulaya umeupa nafasi katika mpango wake wa Erasmus+: mtumishi wa chuo anaweza kusafiri kati ya bara lile na nchi kama Uganda, akafuatana na mwenzake kwa siku 5 hadi 60. Safari hizo nazithamini. Lakini nitasikitika ikiwa mtu wetu ataijua ofisi ya chuo cha Ulaya kuliko anavyoijua wodi ya Bwera, ambako wahitimu wake ndio wanaopangiwa kazi.

Kwa nini kutazama, wakati mwenye kazi angeweza kualikwa aje aeleze? Kwa sababu mjuzi haelezi yote anayoyajua, na si kwa choyo. Michael Polanyi, mwanafalsafa mzaliwa wa Hungaria, aliliandikia jambo hili kitabu mwaka 1966: sehemu kubwa ya ujuzi haifiki mdomoni. Ukimuuliza nesi mkongwe namna anavyopokea wagonjwa, atakusomea mwongozo kwa moyo safi kabisa. Ukikaa naye asubuhi nzima utaona mambo ambayo mwongozo hauyataji. Anamsalimu mgonjwa kwa Kikonzo, lugha ya wenyeji, huku akimtazama anavyotembea. Anamuuliza bibi aliyemleta mtoto kabla ya kumuuliza mama. Jina la kijiji tu linaweza kumfanya abadili mpangilio wa foleni.

Basi swali la jioni ndilo roho ya mpango mzima, na wengi hulikosea. Mgeni akiuliza, “Changamoto zenu ni zipi?” atajibiwa jibu lilelile wanalopewa wafadhili: magari, dawa, mishahara. Yote ni kweli, ila hakuna jipya. Lakini akisema, “Sista, yule mama wa saa nne ulimrudisha kwenye benchi halafu ukamwita tena. Uliona nini?” mazungumzo yanaanza. Swali liwe juu ya tukio moja ambalo wote wawili waliliona, tena siku hiyohiyo, kabla kumbukumbu haijapoa. Matukio matatu kwa jioni yanatosha. Daftari lenye matukio 15 yaliyochimbwa vizuri linamfaa mwalimu kuliko ripoti ya kurasa 40.

Nisieleweke kwamba nazungumzia wahadhiri wa afya peke yao. Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon cha Fort Portal kilianza mwaka 2005 kama chuo cha binafsi kilichoasisiwa na watu wa eneo lile, na mwaka 2022 kikawa cha serikali. Mabadiliko ya namna hiyo humgusa kila mtumishi: ununuzi unafuata sheria nyingine, bajeti ina kalenda nyingine, ajira zina kamati nyingine. Chuo Kikuu cha Kabale kilivuka mto huohuo mwaka 2015. Mhasibu aliyekwisha kufunga hesabu za miaka kadhaa chini ya taratibu za serikali pale Kabale ana mengi ambayo mwenzake wa Fort Portal angeyapata kwa kukaa naye wiki moja, hasa wiki ya mwisho wa Juni, mwaka wa fedha unapofungwa na ofisi ina joto.

Wilaya ya Kasese, zilipo Mpondwe na Bwera, pia ina walimu ambao hawajawahi kuitwa wahadhiri. Wakulima wa kahawa wa ushirika wa Bukonzo Joint walishiriki kuijenga mbinu ya michoro iitwayo GALS, ambayo mtaalamu wa Uingereza Linda Mayoux aliikuza pamoja nao na ambayo baadaye ilisambaa katika nchi nyingine. Mke na mume huchora njia ya maisha yao, hupima kwa michoro nani anafanya kazi ipi na nani anashika fedha ya kahawa, kisha hupanga upya. Asiyejua kusoma anashiriki sawa na mwenye cheti. Mhadhiri wa uchumi wa kilimo amfuate mkufunzi mmoja wa kijiji katika vikao vyake. Ataona namna mtu anavyoiongoza familia yenye ugomvi wa fedha bila kumwaibisha mzee mbele ya watoto wake.

Kuna miiko, na hapo sina mzaha. Mgonjwa aombwe ruhusa, na akikataa mgeni atoke bila kinyongo. Chumba cha kutengea wagonjwa wa Ebola si mahali pa mtazamaji hata siku moja. Mpakani, mtu anayesimama kando ya afisa wa forodha akiandika anawatia hofu wachuuzi wadogo wa soko la Lhubiriha, kwa hiyo daftari likae mfukoni na maandishi yasubiri. Asiyejua Kikonzo wala Kiswahili atafute mwenzi, la sivyo ataona midomo ikicheza tu. Na mwenye PhD anayemfuata nesi wa cheti akumbuke nani ni mwalimu siku hizo tano.

Mwenyeji naye anabeba mzigo. Kazi yake inapungua kasi, maelezo yanamla muda, na mara nyingi anachobakiwa nacho ni barua ya shukrani. Hilo ni dhuluma. Chuo kimlipe kwa kumwalika naye akae siku moja au mbili katika idara husika, asome mtaala wa somo linalohusu kazi yake, asikilize mhadhara, kisha aseme wazi kipi kimepitwa na wakati na kipi kimesahauliwa. Mkuu wa idara amjibu kwa maandishi kabla ya muhula unaofuata, akitaja mada iliyobadilishwa, na pale palipobaki kama palivyokuwa, aeleze sababu.