Daftari Linaloumudu Wino

Je, wajua kwamba karatasi iliyotengenezwa kwa mti na maji peke yake haiandikiki kwa wino? Nyuzinyuzi za mti hupenda maji. Zikisagwa, zikatandazwa na kukaushwa mpaka zikawa jani jeupe, jani hilo likiguswa na nibu hunywa wino kila upande, na herufi huvimba hadi "a" na "o" zifanane. Karatasi ya aina hiyo hutengenezwa kwa makusudi na ina kazi yake: ndiyo karatasi ya kukaushia wino, iliyokuwa juu ya meza ya kila karani. Kinachoifanya karatasi nyingine iwe ya kuandikia ni dawa kidogo ya kuzuia maji, ambayo kiwandani huchanganywa kwenye rojo la mti au hupakwa juu ya karatasi inapokauka. Jalada halitaji dawa hiyo, na jicho haliioni. Lakini anayetafuta daftari la mistari kwa ajili ya kalamu ya wino, dawa hiyo ndiyo anayokwenda kununua.

Gisenyi kwetu, magharibi mwa Rwanda, ni mji wa kuandika kwa mkono. Kuanzia sokoni mpaka Petite Barrière, kivuko cha miguu kinachotuunganisha na Goma, mali inayovuka mpaka asubuhi huandikwa: nani kachukua nyanya, nani kabakiza deni, nani atalipa jioni. Wengi hutumia biki, na biki haina ugomvi na karatasi yoyote. Wino wake ni rangi iliyokorogwa kwenye mafuta mazito, hivyo hubaki pale gololi ya nchani ilipouweka. Wino wa kalamu ya nibu ni karibu maji matupu yaliyotiwa rangi. Huvutwa na karatasi yenyewe, bila kukandamizwa, na ndiyo maana aliyezoea kalamu hiyo huandika kurasa nyingi bila vidole kuchoka. Ila akiligusa kwa nibu daftari lilelile lililomtumikia kwa biki miaka yote, anaweza kuona maandishi yake yakiharibika mbele ya macho.

Kuharibika huko kuna sura mbili, na kuna ya tatu ambayo watu huichanganya nazo. Wakati mwingine wino huota mizizi: ukingo wa herufi unatoa vijinywele vinavyofuata nyuzinyuzi za karatasi. Wakati mwingine unazama moja kwa moja na kutokea upande wa pili kama madoa. Zote mbili ni dalili kwamba dawa ni haba au imepakwa vibaya. Sura ya tatu ni kivuli tu: wino umebaki juu, lakini karatasi ni nyembamba kiasi kwamba unayaona maandishi ya nyuma kupitia ndani yake. Kivuli kinasumbua macho, lakini hakiharibu kitu, na mtu hukizoea. Wino uliotokea upande wa pili hauzoeleki, maana ukurasa wa nyuma ndiyo umekwisha.

Hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Wanaishika karatasi kwa vidole viwili, wanapima unene, wanauliza ni gramu ngapi. Gramu zinazosemwa ni uzito wa mita moja ya mraba: karatasi ya fotokopi huwa na gramu 80, na madaftari mengi ya shule hayafiki hapo. Uzito una maana yake, lakini maana hiyo ni ndogo kuliko tunavyodhani. Japani kuna karatasi iitwayo Tomoe River yenye gramu 52 tu, nyepesi hata inapepea ukiipumulia, nayo inasifika duniani kwa kuushika wino juu bila kuupenyeza. Kivuli chake ni kikubwa, lakini herufi zinabaki kali. Karatasi nzito ya gramu 100 isiyo na dawa ya kutosha itaota mizizi vilevile, ila itachelewa kidogo kuvuja upande wa pili. Clairefontaine ya Ufaransa, ambayo kiwanda chake kimekuwa kwenye milima ya Vosges tangu 1858, hutumia gramu 90 kwenye madaftari yake. Sifa yake kwa watu wa kalamu za wino inatokana na uso wa karatasi, laini na mgumu kupenyeka. Zile gramu zinasaidia tu kupunguza kivuli.

Viwandani dawa hii ina kipimo chake. Wanachukua kipande cha karatasi, wanakibana chini ya pete ya chuma, wanamwaga maji ndani ya pete, wanasubiri sekunde 60, wanamwaga na kukipima uzito. Tofauti ya uzito inasema karatasi imekunywa gramu ngapi za maji kwa kila mita ya mraba. Kinaitwa kipimo cha Cobb. Mnunuzi wa Rubavu, wilaya yetu, hana pete wala mizani ya namna hiyo, lakini ana kidole na tone la maji. Nunua daftari moja kabla hujanunua dazeni, toka nalo nje, lowesha ncha ya kidole na uache tone kwenye kona ya ukurasa wa mwisho. Hesabu taratibu mpaka kumi. Tone likikaa limevimba na kung'aa, dawa ipo. Likitandaa papo hapo na kona ikageuka ya kijivu hadi kidole kionekane kupitia kwake, mwachie mtumiaji wa biki daftari hilo.

Kisha jaribu kwa kalamu yako mwenyewe, na usiandike jina lako tu, maana jina huandikwa haraka na haraka huficha aibu ya karatasi. Richard Lucas mwaka 1918 na Edward Washburn mwaka 1921 walionyesha namna maji yanavyotambaa ndani ya vitu vyenye vitundu vidogo: ili yafike mbali mara mbili yanahitaji muda mara nne. Maana yake, madhara mengi hutokea mwanzoni kabisa, na hutokea pale kalamu inaposimama. Kwa hiyo weka nukta na uache nibu itulie pumzi moja. Chora mistari iliyokatana mpaka pawe na unyevu. Pitisha mstari mmoja wa haraka. Geuza ukurasa, tazama mgongo wa ile nukta. Halafu fanya hayohayo upande wa pili wa jani, kwa sababu karatasi inayotandazwa juu ya wavu wa mashine huwa na pande mbili zisizolingana: ule uliolala kwenye wavu na ule uliotazama juu. Yako madaftari ambayo ukurasa wa kulia ni mzuri na wa kushoto unakunywa.

Tazama pia mistari yenyewe kwa karibu. Mistari huchapwa kwa wino wa mtambo, na wino huo ukiwa na mafuta mengi, nibu ikipita juu yake hukatika: "g" na "y" zinazoshuka chini ya mstari zinatoka na pengo jeupe pale zilipouvuka. Mistari myembamba ya kijivu au buluu hafifu ina heri. Ile myeusi inashindana na maandishi.

Historia ya dawa yenyewe ni ndefu kuliko watu wanavyodhani. Ulaya walichovya karatasi kwenye rojo la ngozi na mifupa ya wanyama. Katika nchi za Kiislamu mafundi waliipaka wanga na kuisugua kwa jiwe mpaka ikang'aa na kalamu ya mwanzi ikateleza. Waandishi wa Misahafu wa Siyu, kisiwani Pate, walifanya kazi yao juu ya karatasi iliyosafiri kutoka Ulaya. Mwaka 1807 Mjerumani Moritz Friedrich Illig akatangaza njia ya kuchanganya utomvu wa msonobari na alumu ndani ya rojo lenyewe. Ilikuwa rahisi na ya bei ndogo, ikaenea kote, lakini iliiachia karatasi tindikali. Ndiyo sababu vitabu vingi vya karne ya 19 na nusu ya kwanza ya karne ya 20 vimekuwa vya kahawia na vinavunjika vikikunjwa. Kuanzia miaka ya 1950 zikaja dawa zisizohitaji tindikali, na chokaa ikaingia kwenye karatasi kuipa weupe na kuilinda. Ukiona daftari limeandikwa kwamba halina tindikali, hiyo ndiyo habari yenyewe, na kwa anayeandika ili wajukuu wasome ni habari kubwa.

Jirani yetu Nyundo, misheni waliyoianzisha Mapadri Weupe mwaka 1901, ni mahali pazuri pa kulifikiria jambo hili. Shirika lao lilitaka kila kituo kiweke shajara, mbali na rejesta za ubatizo na ndoa. Wino uliotumika sana enzi hizo kwa kumbukumbu ulikuwa wa chuma: maji ya vinundu vya mwaloni vyenye utomvu mkali, yaliyochanganywa na chumvi ya chuma. Unaandika ukiwa hafifu, kisha hewa inaugeuza mweusi ndani ya nyuzinyuzi na maji hayautoi tena. Unaota mizizi kwa nadra hata kwenye karatasi dhaifu. Ubaya wake ni kwamba ule wa zamani ulikuwa mkali na uliweza kuila karatasi. Unaotengenezwa leo umepunguzwa makali.

Nayataja hayo kwa sababu ya maji. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua kubwa iliipiga Rwanda ya magharibi na kaskazini, mto Sebeya ukafurika na kuingia majumbani hapa Rubavu, na nchini kote watu zaidi ya 130 wakapoteza maisha. Mbele ya msiba huo habari ya wino ni ndogo. Lakini kila nyumba iliyolowa ilikuwa na karatasi: hati, risiti, barua, hesabu za kikundi. Wino mwingi wa buluu unaouzwa kwa kalamu za nibu hutoka kwa tone moja la maji. Ukiwa na daftari la kumbukumbu za familia au la chama cha kuweka akiba, andika ndani yake kwa wino wa chuma wa kisasa, au ule wa chembechembe unaokwama kwenye karatasi ukishakauka. Huo wa pili usiuache ulale miezi ndani ya kalamu, utaziba.

Tukirudi kwenye mistari, nafasi kati ya mstari na mstari ifuate unene wa nibu. Nibu ya wastani kutoka Ulaya huacha alama ya karibu milimita 0.7, na kwenye nafasi ya milimita 6 maandishi yake yanasongamana. Itafutie milimita 8. Nibu nyembamba ya Kijapani inakaa vizuri kwenye 6 au 7. Mistari niipendayo kuliko yote ni ile aliyoisajili Jean-Alexandre Seyès, muuza vitabu wa Pontoise, Ufaransa, mwaka 1892: mistari mikuu kila milimita 8, na kati yake mistari hafifu kila milimita 2, pamoja na mistari ya wima. Herufi ndogo inajaza nafasi moja, "t" inafika ya pili, herufi kubwa na "l" zinafika ya tatu. Ilibuniwa wakati watoto wa Ufaransa wakiandika kwa nibu, na mpaka leo hakuna mwalimu wa hati aliye mvumilivu kama ukurasa huo. Ukiikuta Gisenyi, kwenye daftari lililokuja na msafiri au lililobaki dukani, ijaribu kwa tone la maji kama nilivyosema, kisha usiiache.

Kwa matumizi ya kila siku, kaunta buku lenye jalada gumu linatosha, mradi lipite mtihani. Lifungue katikati ya fungu la karatasi na utafute uzi. Lililoshonwa hulala wazi juu ya meza na halimwagi kurasa; lililogandishwa kwa gundi tupu huachia joto likizidi. Kwaya moja ni karatasi 24 zilizokunjwa, yaani majani 48, yaani kurasa 96, hivyo kaunta buku la kwaya mbili lina kurasa 192. Wino ukipenya, unaandika upande mmoja tu na umelipia kurasa 192 ukapata 96. Daftari la bei ya juu kidogo lisilopenya linakuwa nafuu papo hapo.

Karatasi nzuri ina gharama moja: wino unakaa juu, basi unachelewa kukauka, na kwenye hewa yenye unyevu ya ziwani unachelewa zaidi. Weka kipande cha karatasi ya kukaushia ndani ya daftari. Kitumie pia kama kipumzisho cha kiganja, kwa sababu mafuta ya ngozi yakikolea kwenye ukurasa, nibu itaruka hapo na utailaumu kalamu bure. Anayeandika kwa mkono wa kushoto, ambaye kiganja chake hupita juu ya wino mbichi, akihitaji karatasi yenye kunywa kidogo zaidi ana haki hiyo.

Na ukisafiri na daftari lako kwenda Kigali, kumbuka kwamba Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya Musanze hupanda kupita mita 2,000 kabla haijashuka. Hewa iliyomo ndani ya kalamu iliyojaa nusu hutanuka kwa karibu sehemu moja ya kumi na kuusukuma wino nje. Ijaze kabisa au iache tupu, nibu itazame juu, na daftari likae mfuko mwingine.