Rimu Kuingia Siyo Rimu Kukaa

Magari ya wanafunzi hapa chuoni tunayajua: Corolla 110, Starlet, Vitz zile za kwanza kwanza. Mengine yamerithiwa kwa mjomba, mengine yamenunuliwa kwa kuchangishana, na mengine yana umri kutuzidi sisi wenyewe. Bumu likitoka, kitu cha kwanza mwenye gari anachotamani kubadilisha ni magurudumu. Anateremka Kariakoo, mitaa ya Gerezani, anakuta rimu za kila aina zilizofunguliwa kwenye magari mengine. Muuzaji anahesabu matundu, moja, mbili, tatu, nne, halafu anasema: "Hiyo inaingia, mkubwa."

Na mara nyingi kweli inaingia. Ila kuingia siyo kukaa. Gari lote linagusa barabara kwa vipande vinne tu vya mpira, kila kimoja kama ukubwa wa kiganja, na kila breki unayokanyaga inaishia pale. Ukikosea rimu, hujakosea urembo. Umekosea breki na usukani, na wenzako watatu wamekaa humo ndani wanapiga stori. Kuna vipimo vitano vya kukagua, na vyote unaweza kuvikagua mwenyewe kabla hujatoa hela.

1. Matundu ya nati

Idadi ya matundu peke yake haitoshi. Kipimo chenyewe ni kipenyo cha duara linalopita katikati ya matundu yote, na kinaitwa PCD. Corolla 110, Starlet, Vitz na IST za kwanza zote ni 4x100, yaani matundu manne kwenye duara la milimita 100. Premio na Allion za miaka ya 2000 mwanzoni ni 5x100. Mark II, RAV4 na Harrier ni 5x114.3.

Tofauti ya 100 na 114.3 utaiona kwa macho. Hatari iko kwenye tofauti ndogo, kama 5x112 ya Volkswagen na Mercedes nyingi dhidi ya 5x114.3. Hapo nati "inakubali" kwa kulazimisha, stadi zinajipinda kidogo, na siku moja zinakatika. Ukisikia "tuilazimishe tu", shika begi lako uondoke.

2. Tundu la katikati

Katikati ya rimu kuna tundu kubwa linalokaa juu ya habu. Ndilo linaloiweka rimu katikati barabara wakati nati zinafungwa. Kwa hizi Toyota ndogo ni milimita 54.1. Honda Fit nayo ni 4x100, lakini tundu lake ni 56.1. Kwa hiyo rimu ya Fit ukiileta kwenye Corolla inaingia, ila inabaki na nafasi ya milimita mbili. Matokeo yake usukani unaweza kuanza kutetemeka ukifika spidi 80 au 90, na fundi atakwambia ubadilishe shokapu wakati shokapu ni nzima. Dawa yake ni pete ya kujazia, yenye 54.1 ndani na 56.1 nje. Kinyume chake haiwezekani: rimu ya Toyota haiingii kwenye habu ya Fit bila kuchongwa, na ukiichonga bila ufundi unaiharibu.

3. Nati zenyewe

Hapa ndipo wengi wanapigwa. Uzi wa nati za Toyota na Honda ni ule ule, milimita 12 kwa 1.5. Lakini kichwa cha nati hakifanani. Nati za rimu za chuma za Toyota zina umbo la koni. Nyingi za rimu zake za aloi za kiwandani zina washa bapa. Za Honda zina umbo la mviringo kama mpira. Ukifunga nati ya koni kwenye kikalio cha mviringo, inakaza vizuri mkononi, ila inagusa mstari mwembamba tu. Baada ya kilomita kadhaa inalegea. Kanuni ni rahisi: unaponunua rimu za kiwandani za gari jingine, nunua na nati zake. Ila kagua uzi kwanza. Nissan na Suzuki nyingi hutumia 12 kwa 1.25, hizo usizilazimishe kwenye Toyota, zitakula uzi wa stadi.

4. Ofseti na upana

Nyuma ya rimu utaona maandishi kama 5½J ET45. Namba ya kwanza ni upana kwa inchi. ET ni ofseti: umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapolala kwenye habu. Tuseme unatoa rimu ya 5½ ET45, unaweka ya 7 ET35. Upana umeongezeka milimita 38, yaani 19 kila upande. Ofseti imepungua 10, kwa hiyo rimu yote imesogea nje 10. Upande wa nje unatoka milimita 29, na ndani unaingia 9. Hapo tairi linaanza kukwangua madigadi ukibeba watu, usukani unakuwa mzito, na beringi zinabeba mzigo ambao hazikuundiwa. Spesa nazo zinafanya jambo lile lile: zinapunguza ofseti.

5. Kipenyo cha tairi

Hii ni hesabu ya sekondari. Tairi la 175/65R14 lina upana wa milimita 175, ukuta wake ni asilimia 65 ya upana huo, na rimu ni inchi 14. Kipenyo chote ni 14 × 25.4 + 2 × 0.65 × 175, sawa na milimita 583.

Sasa tuseme Corolla yako ina tairi hizo, na umepata rimu za IST zikiwa na tairi zake, 185/65R15. Matundu sawa, katikati sawa. Lakini kipenyo ni milimita 621, karibu asilimia 7 zaidi. Dashibodi inahesabu mizunguko tu, haijui tairi limekua. Kama ilikuwa inasoma sahihi, sasa ikionyesha 80 unakwenda 85. Gari linakuwa zito kuondoka, breki zinafanya kazi zaidi, na tairi limesogelea madigadi kwa karibu sentimita mbili.

Suluhisho siyo kuacha rimu, ni kubadilisha tairi. Weka 185/55R15 kwenye rimu hizo hizo na kipenyo kinarudi 584. Namba ya mzigo nayo iangalie: 82, kwa mfano, ni kilo 475 kwa kila tairi. Isipungue ile iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva.

Kabla hujalipa

Geuza tairi utafute namba nne za mwisho baada ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri linaweza kuwa limezeeka na kukakamaa. Zungusha rimu uangalie kama imepinda au imechomelewa. Usipofunga seti nzima, basi magurudumu mawili ya ekseli moja yafanane.

Wakati wa kufunga, nati zikazwe kwa kuvuka, siyo kwa kuzunguka, na zirudiwe kukazwa baada ya kilomita 50 hadi 100. Halafu pakia watu wanne, kata usukani mpaka mwisho kulia, kisha kushoto, na upite tuta taratibu. Ukisikia mkwaruzo, rudisha rimu siku hiyo hiyo, muuzaji akiwa bado anakukumbuka sura.