Maharage Yanayoivia Mfukoni

Jioni ikikaribia, katika nyumba nyingi za Nyakatuntu, wilayani Kyerwa, sufuria ya maharage huwa imeshakaa mafigani kwa muda mrefu. Mfuniko unachezacheza. Povu linachuruzika ubavuni na kuchomeka kwenye kuni, na mvuke unapanda hadi kwenye kenchi za paa zilizopakwa weusi wa moshi wa miaka. Mpishi anasogeza ukuni ndani, anaongeza mwingine, anamimina kikombe cha maji kufidia yaliyokauka, kisha anarudi kumenya ndizi. Saa mbili zinapita hivyo, wakati mwingine tatu, ndipo ndizi zinapangwa juu ya maharage na mlo wa Wanyambo, wenyeji wa huku, unaanza kuonekana.

Katika saa hizo zote, kuni zinapika nini hasa?

Maji yakishachemka, joto lake halipandi tena hata ukiuchochea moto mpaka mwali ufunike sufuria. Nyanda za Karagwe na Kyerwa ziko juu, sehemu kubwa yake kati ya mita 1,200 na 1,800 kutoka usawa wa bahari, na kwa kila mita 300 za mwinuko maji huchemka mapema kwa karibu nyuzi 1. Kwa hiyo kwenye mita 1,500 hufikia kikomo chake kwenye nyuzijoto 95 hivi, ilhali Tanga au Dar es Salaam hufika 100. Ndiyo sababu mgeni kutoka pwani hulalamika kwamba maharage ya huku ni magumu. Maharage hayana kosa. Yanapikwa kwa maji yasiyo moto kama anayoyajua yeye. Na anayeongeza kuni ili yaive upesi anaharakisha jambo moja tu, nalo ni kukauka kwa maji.

Hesabu yake inafanyika kirahisi. Chukua sufuria ya lita 5. Kuyatoa maji hayo kwenye nyuzi 20 hadi 95 kunahitaji kilojuli 1,575. Kisha yakitokota saa mbili na lita 2 zikapaa kama mvuke, mvuke huo peke yake umebeba kilojuli zaidi ya 4,500. Yaani joto lililotumika kuchemsha ni karibu theluthi moja tu ya lile lililotumika kupoteza maji. Mafiga matatu nayo hupeleka chunguni sehemu 10 hadi 15 tu katika kila sehemu 100 za joto la kuni. Nyingine huchukuliwa na upepo. Tukikadiria kwamba kilo 1 ya kuni kavu hutoa megajuli 15, na kwamba sehemu 15 katika 100 zinafika chunguni, kuchemsha sufuria ile kunakula kilo 0.7 ya kuni, na kuitokosa kunakula kilo 2 nyingine. Hizo kilo 2 ziliokotwa na mtu, zikafungwa mzigo, zikabebwa kichwani kupanda mlima, ili ziende angani pamoja na mvuke.

Maharage yenyewe hayadai moto wa namna hiyo. Wanga ulio ndani ya punje huanza kuvimba na kulainika kwenye nyuzi 60 na kitu hadi 75. Kinachochelewesha ni pektini, ile gundi inayoshikanisha chembe za punje, nayo huyeyuka polepole joto likikaa juu ya nyuzi 80 hivi. Wanga wala pektini havihitaji kuona maji yakirukaruka. Vinahitaji joto na muda. Basi joto likiingia sufuriani mara moja na kuzuiwa lisitoke, kazi itaendelea bila ukuni hata mmoja.

Hapo ndipo mfuko wa kupikia unapoingia. Ni mfuko wa kitambaa wenye kuta mbili, katikati umejazwa kitu chepesi chenye hewa, na juu una kamba ya kukazia. Wengine hutumia kapu lililotandikwa mito ndani. Sufuria ikishachemka inaepuliwa na mfuniko wake, inaketishwa ndani, inafunikwa kwa mto, mdomo unakazwa. Mfuko haupashi chochote joto. Unafanya kazi ile ile ya chupa ya chai. Mfuko ulioshonwa vizuri huifanya sufuria ya lita 5 ipoteze nyuzi 4 au 5 kwa saa, ambayo ni kama wati 30, pungufu ya balbu ya zamani ya wati 40. Moto unaokula kilo moja ya kuni kwa saa hutoa zaidi ya wati 4,000.

Wazo hili ni la zamani. Mwaka 1867, kwenye maonyesho makubwa ya dunia mjini Paris, Johan Sörensen wa Norway alionyesha sanduku la kupikia lililozuiwa joto lisitoke. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Waingereza walijaza nyasi kavu kwenye masanduku wakaivishia humo viazi na supu ili kuokoa makaa na gesi. Nchini Kenya, maofisa wa kilimo na uchumi wa nyumbani wamefundisha vikundi vya wanawake kushona makapu ya aina hii kwa sponji na vitambaa. Afrika Kusini, mwaka 2008, umeme ulipokuwa ukikatika kila mara, Sarah Collins alikumbuka jinsi bibi yake alivyokuwa akizungushia sufuria mito, akabuni mfuko uliokuja kuuzwa duniani kwa jina la Wonderbag.

Lakini Nyakatuntu haina haja ya kuagiza mfuko kutoka Afrika Kusini. Vifaa vimelala kibanjani, yaani shambani mwa migomba.

Chukua jani la mgomba lililokauka, uukate uti wake kwa upana, ulisogeze karibu na jicho. Utaona vyumba vidogo vilivyojipanga kama sega la nyuki, vitupu, vimejaa hewa. Hewa iliyofungwa isiweze kutembea ni kizuizi kizuri sana cha joto, na mgomba umekwisha kuifunga bila kulipwa. Majani hayo yakipondwapondwa na kujazwa bila kushindiliwa, yanafaa. Vivyo hivyo pumba za kahawa. Wakulima wa huku huuza sana kahawa ya maganda, inayokaushwa juani na kukobolewa mashineni, na pumba zinazobaki ni nyepesi na hukaa na hewa nyingi, mradi zipepetwe vumbi. Sponji la godoro lililochakaa, likikatwakatwa vipande, ni bora kuliko vyote viwili. Kitenge cha zamani kinatosha kwa ganda la nje.

Wala fikra yenyewe si ngeni. Apikaye ndizi kwa kuzifunika majani mabichi ya mgomba, akayakandamiza pembeni mpaka mvuke usipate pa kupenya, tayari anajua kwamba kinachoivisha ni joto lililozuiliwa. Mfuko unaupeleka ujuzi huo hatua moja mbele.

Unene ndio wengi wanapokosea. Ukuta wa vidole vinne ndio wa chini kabisa, na kitako kisisahaulike, kwa kuwa sufuria inayogusa sakafu ya saruji hunyonywa joto kutoka chini. Jambo la pili ni unyevu. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa, kwa hiyo pumba zilizolowa mvuke si kizuizi tena. Mfuko uanikwe juani baada ya kutumika, na kitambaa cha ndani kiwe cha kuvuliwa na kufuliwa, kwani sufuria ya mafigani ina masizi. Kabla ya kuiingiza, ifutwe kitako na ikaguliwe: kipande cha kaa kilichonata chini ya sufuria kinaweza kuwasha pumba kavu, na nyumba nzima ikafuata.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana, na makala yoyote inayosifu mfuko lazima iitaje. Maharage, hasa mekundu, yana lektini, sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha. Kuchemka sawasawa huiharibu; joto la chini ya nyuzi 80 huweza kuiacha na makali yake. Kwa hiyo maharage yalowekwe usiku kucha, maji ya kulowekea yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu dakika 20 hadi 30 kabla ya kuingia mfukoni. Tena chakula kikishuka chini ya nyuzi 60 bakteria hupata mahali pa kuzaliana, hivyo sufuria isilale humo mpaka ipoe. Baada ya saa nne irudishwe motoni ichemke, na hapo ndipo ndizi zinapoongezwa. Sufuria nusu tupu hupoa haraka mno; mfuko unapenda sufuria iliyojaa.

Na usifunguliwe ovyo. Kuchungulia mara moja kunatoa joto ambalo haliwezi kurudishwa ila kwa moto.

Haja ya haya yote inaonekana mtu akitazama vilima. Wakimbizi wa Rwanda walipoingia Ngara na Karagwe mwaka 1994, miti iliyozunguka makambi iliisha kwa kasi ambayo wenyeji bado wanaisimulia. Mwaka 2019 yaliyokuwa mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika yakawa hifadhi za taifa, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, na kuokota kuni ndani ya hifadhi ya taifa si ruhusa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Hilo ni lengo jema, ila kwa mama aliye mbali na duka la gesi, miaka kumi ni vyakula vingi vya jioni. Naye hata akinunua mtungi, mfuko utaurefushia maisha: gesi itachemsha tu, kazi ndefu itafanyika bila moto.

Mfuko hauwezi kila kitu. Ugali unataka kusongwa juu ya moto, na cha kukaangwa hakikaangiki mfukoni. Pia moto wa jikoni una kazi nyingine ambazo hazimo kwenye hesabu ya kilojuli: usiku wa vilima una baridi, watoto huota moto, wazee huongea wakiuzunguka. Anayeleta mfuko bila kuyajua hayo ataukuta umegeuzwa mto wa kukalia.

Unapokubalika, kinachobadilika ni mpangilio wa siku. Maharage yanachemshwa saa nne asubuhi, yanafungwa, mwenye nyumba anakwenda kupalilia kahawa bila kuacha mtoto wa kuchunga moto. Saa nane anafungua kamba, anabonyeza punje moja kwa kidole gumba na cha shahada. Ikipasuka laini, zimebaki ndizi. Majani yaliyomo mfukoni yatachoka baada ya miezi kadhaa, yatalala na kupoteza hewa. Yanatolewa, yanatandazwa chini ya migomba kama matandazo, na mengine makavu yanakatwa hapo hapo kuujaza mfuko upya kabla mvua hazijaanza.